Maswali na Majibu: Bahari na Theluji Katika Mji Mmoja

SWALI: Ninafanya kazi ya kupanga safari za watalii hapa Tanga. Nina wateja wanaotaka kwenda Sochi, Urusi, waogelee baharini na pia waione theluji katika safari hiyo hiyo. Majedwali yote yanasema kuwa wastani wa joto la mwaka ni kama nyuzi 14. Sielewi jinsi mji wenye mitende barabarani ulivyoweza kuandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2014. Niwashauri waende mwezi gani?

JIBU: Ndugu yangu, wastani huo wa mwaka ni sahihi, lakini kwa kazi yako hauna manufaa, kwa sababu unachanganya Januari yenye nyuzi 6 hivi na Agosti yenye nyuzi 24 hivi, tena unahusu ufukweni peke yake. Ili kuielewa Sochi unahitaji kujua mambo mawili kwa pamoja, yaani mwezi na mwinuko kutoka usawa wa bahari.

Tuanze na milima, maana ndiyo inayoufanya mji huo uwe tofauti. Sochi iko karibu na latitudo ya 43 na nusu kaskazini, sawa kwa kukaribia na Vladivostok, mji mwingine wa Urusi ulio baharini, ambao wastani wake wa Januari ni chini ya sifuri kwa nyuzi zaidi ya 10. Tofauti hiyo kubwa inatokana na Bahari Nyeusi, ambayo haigandi mahali hapo, na safu ya Kaukazi, ambayo huizuia hewa baridi na nzito ya bara isishuke hadi pwani. Ushahidi uko kwenye pwani hiyo hiyo: ukielekea kaskazini-magharibi hadi Novorossiysk, ambako milima ni mifupi, hewa hiyo huuruka ukingo na kuporomokea mjini kwa upepo mkali unaoitwa bora, ambao huweza kuzifunika meli kwa barafu bandarini.

Milima hiyo hiyo ndiyo inayoleta mvua. Hewa yenye unyevu kutoka baharini ikigonga miteremko hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu, kama inavyotokea kwenu pepo za Bahari ya Hindi zinapoipanda Usambara. Ndiyo maana mji hupata zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka na chai hulimwa kwenye vilima vya jirani. Mteja aliyezoea masika na kiangazi aelezwe mapema kwamba Sochi haina msimu wa ukame: hakuna mwezi usio na mvua, na miezi yenye mvua nyingi zaidi ni ile ya baridi, kuanzia Novemba hadi Januari. Mvua za majira ya joto huja kwa ghafla na kwa nguvu, na kwa kuwa mito ya huko ni mifupi na yenye mteremko mkali, hufurika haraka. Asiweke mtu kambi kando ya mto.

Sasa theluji. Joto hupungua kwa nyuzi 5 hadi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wakati ufukweni kuna nyuzi 6, kilele cha Rosa Khutor, chenye mita 2,320 hivi, huwa na baridi ya nyuzi 6 hadi 9 chini ya sifuri. Michezo ya mwaka 2014 iligawanywa kwa msingi huo: ya kumbini ilifanyika kando ya bahari huko Adler, na ya kuteleza milimani ilifanyika Krasnaya Polyana, umbali wa kilomita 40 hivi. Hata hivyo, waandaaji walihifadhi theluji ya msimu uliotangulia, na tahadhari hiyo haikuwa ya bure, kwani kwenye miinuko ya kati mvua na theluji hupokezana.

Kuhusu kuogelea, usitazame joto la hewa peke yake. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole: Mei na Oktoba hewa ina joto linalokaribiana, nyuzi 16 hivi, lakini bahari ya Mei nayo ina nyuzi 16 tu, ilhali ya Oktoba bado ina takriban 20. Mzaliwa wa Tanga ataziona zote mbili kuwa baridi. Yatakayomridhisha ni maji ya Julai hadi Septemba, na mimi ningechagua Septemba, joto la hewa likiwa limeshaanza kupungua.

Kwa hiyo waulize wateja wako ni kipi wanakitaka zaidi. Kama ni theluji, waende Februari au mwanzoni mwa Machi, na bahari waitazame tu, maana ina nyuzi 9 hivi. Kama ni kuogelea, waende Septemba. Wakishikilia kupata vyote viwili, nusu ya pili ya Oktoba ndiyo wakati unaokaribia, kwa kuwa theluji ya kwanza huweza kuanguka vileleni. Lakini usiiandike kwenye mkataba.