Muulize Shangazi: Anafuata mapacha, aitwe Shija au Mallory?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina mapacha, Kulwa na Doto, sasa juzi nimejifungua wa kike na mama mkwe katoka Magu na jina lake kabisa, Shija, hataki kusikia lingine. Mi nimempendea Mallory, nimelikuta kwenye simu, zuri halafu mtaani kwetu halipo. Baba watoto kakaa kimya tu. Naogopa Shija atachekwa akija kusoma Dar, na si la kiume hilo? Nifanyeje? Mama Kulwa, Igoma.

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa uzazi. Kulwa na Doto ulikubali mwenyewe, sasa huyu anayewafuata unamkatia njiani kwa nini? Kwa Wasukuma jina linasema mtoto kaja vipi, Mabula au Kabula kazaliwa mvua inanyesha, Mhoja kaja kuwafariji waliofiwa, na Shija ndo anayefuata mapacha, awe wa kike awe wa kiume. Binti yako akikua akapanda daladala hapo Igoma, konda akisikia anaitwa Shija atamuuliza mapacha wako wapi, yaani mtu hamjui ila ndugu zake kashawajua! Mi hilo napenda sana.

Mallory sasa. Limetoka Kifaransa cha zamani na maana yake ni mwenye bahati mbaya. Najua na sisi tuna kina Shida, Tabu na Mashaka na wanaishi vizuri tu, ila wazazi wao walikuwa wamepitia jambo wakaliweka kwenye jina, wewe umejifungua salama mkosi unautoa wapi? Majina ya kwenye simu tuyachunguze kwanza jamani.

Na Dar hawamcheki mtu. Naibu Waziri Mkuu aliyeteuliwa 2023 alikuwa Doto, Doto Biteko mbunge wa Bukombe, nani alicheka?

Ukitaka la pili mwekee tu, Neema au la bibi yake mzaa mama, lakini kubalianeni mapema maana kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90, na herufi mzikague hapohapo kabla hamjaondoka na cheti, mtoto akiwa Shija kwenye cheti halafu shuleni Shijja mtahangaika na viapo baadaye. Na huyo baba watoto aache kunyamaza, aende yeye kwa mama yake akamwambie mmekaa wawili mkakubaliana, ukienda peke yako itaonekana umeshindwa ugomvi.