Paka rangi kwa jicho la aliyesimama

Kifaru cha M1A1 Abrams kina urefu wa karibu mita 8 bila kuhesabu mtutu. Kwenye kipimo cha 1/285, cha vifaru vidogo vya kuchezea vita mezani, kinabaki chini ya sentimita 3, na askari aliyesimama kando yake hafiki hata milimita 7. Hiki ndicho kipimo nikipendacho kuliko vyote, maana meza ya kulia chakula inatosha kuwa jangwa zima.

Kikosi changu cha kwanza kilikuwa cha Vita vya Ghuba vya 1991. Nilitafuta rangi ya mchanga inayofanana kabisa na ya vifaru halisi, nikaipaka kwa uangalifu, nikajaza mifereji kwa nyeusi. Nikikishika kifaru mkononi, nilifurahi. Tulipovipanga mezani tukasimama kucheza, viligeuka punje za sukari guru. Jicho hukiona kitu kidogo kuwa cheusi kuliko kilivyo, na mchezaji hukiona kifaru chake akiwa umbali wa mkono au zaidi. Nilivirudia vyote.

Tangu hapo naanza na rangi iliyokolea kidogo, kisha namimina kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi ili itulie kwenye mifereji. Nyeusi tupu siitumii tena. Ikikauka, nachukua brashi kuukuu, naifuta kwenye karatasi mpaka ikaribie kukauka, halafu naipitisha juu juu ikiwa na rangi ya mchanga iliyochanganywa na nyeupe. Kingo zote zinachomoza zenyewe. Hapa usiogope: mkononi kifaru kitaonekana kimepauka mno, ila kiweke mezani kwanza ndipo uhukumu.

Brashi nyembamba kuliko zote dukani iache. Inabeba tone dogo hivi kwamba rangi inakauka kabla haijafika kwenye kifaru. Nunua ya wastani yenye ncha kali na uitunze. Wakati wa kupaka, vifaru navibandika kwenye vijiti vya aiskrimu, vitano kwa kijiti, baada ya kuviosha kwa sabuni. Rangi ya msingi ya kopo usipulize siku yenye unyevunyevu. Mimi nilifanya hivyo wakati wa mvua, na uso wote ukatoka na chengachenga.

Alama ni suala jingine. Mwaka 1991 majeshi ya muungano yaliyopigana na Iraki yalichora alama ya V iliyopinduliwa kwenye magari yao ili wasipigane wenyewe kwa wenyewe. Ukiichora kwa kipimo sahihi haitaonekana, kwa hiyo ikuze, hata mara mbili. Vivyo hivyo kitambaa cha rangi ya machungwa kilichotandazwa juu ili marubani wawatambue wenzao: nukta moja kwa ncha ya kijiti cha meno, na meza inapata uhai. Macho ya askari, vifungo, namba za ubavuni, acha. Mtu wa milimita 6 anahitaji rangi tatu: nguo, ngozi, bunduki.

Kwa anayeanza, napendekeza achague kikosi kimoja halisi akimalize. Eagle Troop, kikosi cha Marekani cha kapteni H. R. McMaster, kilichopigana kwenye mapigano ya 73 Easting huko jangwani Iraki tarehe 26 Februari 1991, kiliingia na Abrams 9 na magari ya deraya ya Bradley 12. Ni magari 21, kazi ya wikendi chache, na ukimaliza una historia kamili mkononi. T-72 za Iraki, vifaru vya upande wa pili, zifuate baadaye. Kwa kuwa nazo ni za jangwani, zipe rangi ya njano zaidi na upake kingo za vibao zinavyosimamia rangi tofauti, la sivyo katikati ya mchezo mtabishana ni kifaru cha nani.

Malizia kwa vanishi isiyong'aa na uiache ikauke usiku kucha. Unapovisogeza vifaru, shika kibao. Mitutu ya kipimo hiki hupinda kwa mguso mdogo tu, na ukiinyoosha mara ya tatu inakatika.