Albamu Mpya Hutoka Ijumaa, Lakini Usiitume Ijumaa

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Wete, kule Pemba. Kaandika kwa adabu zote: "Shikamoo kaka. Nasikia wewe ndiye unayezijua albamu mpya za jazi kabla ya watu wote hapa Zanzibar. Nifanyeje na mimi niwe wa kwanza?" Nimeusoma mara tatu. Mara mbili za mwanzo niliusoma kwa raha, sitasema uongo. Mara ya tatu nikaikumbuka Ramadhani ya 2025, raha yote ikanitoka.

Basi nianze na hiyo Ramadhani, kwa sababu sijawahi kuisimulia nikaimaliza.

Tarehe 28 Machi 2025 ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mfungo. Siku hiyo hiyo ikatoka After the Last Sky ya Anouar Brahem, mpiga udi wa Tunisia. Albamu yake ya kabla, Blue Maqams, ilitoka 2017, kwa hiyo sisi wapenzi wake tulikuwa na kiu ya miaka minane kasoro. Nilinunua bando mapema, nikaichaji simu mpaka ikajaa, na saa sita za usiku nikaanza kuitafuta kama mtu anayeuangalia mwezi. Mwenyezi Mungu si Athumani, ikashuka. Nikala daku na hedifoni masikioni, mke wangu ananisemesha, mimi namwitikia kwa kichwa tu.

Jamani, ile albamu. Watu wanne: udi, piano, besi kubwa na selo. Ngoma hamna kabisa. Jina lake linatokana na shairi la Mahmoud Darwish, Mpalestina, pale anapouliza ndege wataruka wapi baada ya mbingu ya mwisho. Mwaka ule sote tulikuwa tukiangalia habari za Gaza kila usiku baada ya tarawehe. Nikalia juu ya sahani ya wali.

Kabla adhana ya alfajiri haijaadhiniwa nilikuwa nimeshaituma linki kwenye magrupu yangu yote. La barazani petu, la ukoo, la tuliosoma pamoja skuli, na hata la wazazi wa darasa la mwanangu. Nikaandika kwa herufi kubwa: WA KWANZA ZANZIBAR.

Kimya. Kulipopambazuka, ami yangu akaniandikia mbele ya ukoo mzima: "Mwanangu, kumi la mwisho hili. Watu wanautafuta Lailatul Qadri, wewe unatuletea magita." Kule kwa wazazi wa skuli admini alinitoa bila ya kusema neno, na siku ya kulipa mchango wa mitihani ilibidi mke wangu ndiye anipashe habari. Barazani mtu mmoja alinijibu kwa kunitumia kaswida. Dada mmoja tu ndiye aliyeonyesha kuifungua ile linki, nikafurahi, kumbe alitaka kuniuliza kama simu yake imeshatengemaa, maana mimi kazi yangu ni fundi simu Darajani.

Lililoniuma si kutolewa, ni lile neno "magita". Udi wa Brahem, gita!

Na aliyeniambia hivyo ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Ami alikuwa na redio ya masafa mafupi, na usiku akiitafuta Sauti ya Amerika kwa ajili ya kipindi cha jazi cha Willis Conover, yule mtangazaji aliyekuwa akisema Kiingereza polepole, neno moja moja, ili watu wa mbali wamfahamu. Conover alianza kile kipindi 1955 akakifanya mpaka karibu na kufa kwake 1996. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika waya wa eriali dirishani. Nikisogea sauti inapotea, nakemewa. Kwa hiyo jazi kwangu iliingia kwa mkono uliokufa ganzi, na mpaka leo sina imani na muziki unaopatikana bila ya kuuhangaikia kidogo.

Hapa Tanzania neno lenyewe lina mtego wake. Ukimwambia mtu mzima "jazi," yeye anafikiri Morogoro Jazz, anamfikiri Mbaraka Mwinshehe, muziki wa dansi. Hana kosa, bendi zetu zilijiita hivyo. Lakini jua kwamba ukisema "kuna albamu mpya ya jazi", huyo anajitayarisha kucheza, kisha anasikia besi peke yake kwa dakika mbili. Atakuona umemdanganya.

Haya, swali la kijana wetu. Kuwahi si kazi. Tangu tarehe 10 Julai 2015 makampuni ya muziki duniani yalikubaliana kutoa albamu mpya siku ya Ijumaa. Zamani kila nchi na siku yake. Uingereza Jumatatu, Marekani Jumanne. Sasa ukikaa macho usiku wa kuamkia Ijumaa, wewe uliye Wete umo sawa na aliye London, tena unamtangulia kwa sababu saa sita za usiku zinafika kwetu kabla ya kwake. Siri nzima ndiyo hiyo. Nimeifanya biashara ya kujivunia miaka mingi, na ni bando na usingizi tu.

Kujua la kusubiri, hapo ndipo penye kazi. Mimi njia yangu ni moja, nayo ni kusoma majina ya wanaosindikiza. Watu hushika jina la aliye kwenye jalada wakamwacha mpiga besi. Chukua mfano wa Nduduzo Makhathini, mpiga piano wa Afrika Kusini, ambaye 2024 ametoa uNomkhubulwane kwa kampuni ya Blue Note. Watu walinisifu kwa kuijua mapema. Lakini mimi nilikaa na mpiga ngoma wake, Francisco Mela, Mkuba. Nikamfuata, nikamkuta nyuma ya mpiga piano McCoy Tyner, nikamkuta kwa mpiga saksafoni Joe Lovano, na kila nilipomkuta nilipata jina jingine la kufuata. Ni kama kuuliza ukoo wa mtu: humalizi, na usiku mmoja hautoshi.

Tena ijue kampuni kama unavyomjua muuza samaki wako. ECM ya Munich, aliyoianzisha Manfred Eicher 1969, ina sauti yake ya ukimya ukimya, na ndiyo inayomtoa Brahem. Hawa walikataa kuweka muziki wao kwenye mitandao ya kusikilizia mpaka Novemba 2017. Kabla ya hapo nilikuwa naomba watalii. Kweli kabisa: mtu analeta simu yake iliyopasuka kioo, namuuliza kwao wapi, akisema Ujerumani namuuliza kama ana CD za ECM. Mmoja alinipatia mbili zilizochakaa, nikamtengenezea kioo bure. Mke wangu hajui.

Nirudi kwenye Brahem.

Siku ya tatu ya sikukuu, aibu imepungua, nilikwenda kutoa mkono wa Idi kwa mzee mmoja wa Mwembetanga, mpiga qanuni. Simtaji, hapendi. Sisi tunamwita Maalim. Nilimkuta barazani, qanuni mapajani, anatia sauti. Qanuni ina nyuzi sabini na zaidi, na Maalim hutia sauti kama mama anayemchambua mtoto nywele, uzi mmoja mmoja, haraka hana. Nikampa mkono, nikakaa, kahawa ikaja. Nilikuwa na spika yangu ndogo ya dukani na flashi mfukoni. Albamu nilikuwa nimeinunua, lakini nilishaapa sitasema neno.

Yeye ndiye aliyeuliza. "Wewe ndiye uliyetoa watu kwenye ibada?"

Nikasema, "Ndiye mimi, Maalim. Nisamehe."

"Tia nisikie hilo gita."

Nikatia. Mwanzoni hata hakunyanyua uso, ufunguo wa kutia sauti unaendelea kuzunguka. Baadaye akaulizia ngoma, "Dumbak liko wapi?" Nikamwambia hamna. "Hamna?" Hamna, Maalim. Akaguna. Ukapita muda, udi ukabaki peke yake, na ule ufunguo ukasimama. Akasema, "Taksimu hiyo," yaani udi unajipigia peke yake bila ya kupangiwa. Besi ilipoingia, chini kabisa, akanyanyua kidole. "Huyu kajizuia. Anajua mwenziwe hajamaliza kusema."

Mimi huyo nikashindwa kukaa kimya. Nikamwambia huyo ni Dave Holland, aliyechukuliwa na Miles Davis mwaka 1968 akiwa na miaka 21.

"Miles ndiye nani?"

Sikujibu kwamba ndiye yule mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi wa Marekani. Akasema, "Rejesha." Nikarejesha. Akasema tena rejesha. Mara nne, wimbo ule ule, kahawa imekuwa maji. Mwisho akauliza swali ambalo mimi, mtaalamu, wa kwanza Zanzibar, sikuwahi kulifikiria: "Hawa wamekaa chumba kimoja wanaonana, au kila mtu kapiga kwao wakaunganishwa?" Nikamwambia chumba kimoja. "Nilijua," akasema, "pumzi zao zinaingiliana."

Mtu mmoja, siku tano baadaye, bila ya herufi kubwa hata moja. Kule nilikotuma magrupuni walikuwa watu zaidi ya mia tatu, na sina habari ya hata mmoja aliyefika wimbo wa pili.

Tangu hapo nikabadilika. Wiki iliyofuata nilimpelekea albamu kuukuu, Jazz Sahara ya Ahmed Abdul-Malik, ya 1958. Huyu alikuwa akimpigia besi mpiga piano Thelonious Monk, kisha akashika udi akaita mpiga qanuni na mpiga fidla wakae na saksafoni ya Johnny Griffin wa Chicago. Maalim alicheka mpaka akakohoa. "Saksafoni inasema Kiarabu cha skuli," akasema. Lakini flashi hakuirudisha. Kwa hiyo, kijana wa Wete, mpya ni ile ambayo yule uliyekaa naye hajaisikia. Tarehe iliyoandikwa nyuma ya jalada ni ya wenye maduka.

Sasa nikwambie na hili, maana nilijiapiza nisiliandike lakini vidole vimeshafika. Baada ya Idi niliandika maelezo marefu juu ya albamu ile, nikawatumia watu kumi na wawili walioniomba wenyewe. Maelezo ya jasho, nimekesha. Wiki mbili mbele niko dukani, nimeshika simu ya watu imefunguliwa mgongo, redio ya jirani inasema, na namsikia mtangazaji anasoma sentensi zangu. Si wazo, sentensi. Mpaka "udi unaobisha hodi na besi inayomkaribisha", ambayo niliitunga mimi juu ya daladala la Kwerekwe nikaiandika nyuma ya tiketi ya boti. Jina langu halikutajwa. Na nina ushahidi: niliandika kwa haraka kwamba mpiga piano, Django Bates, ni Mmarekani. Na yeye hewani akasema, kwa ile sauti yake ya asali, "Mmarekani Django Bates."

Nilimpigia simu. Akaniambia, "Kaka, si lengo ni muziki uwafikie watu?" Wallahi sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililonichoma. Kwa sababu kweli ndilo lengo. Lakini mbona mimi Ijumaa ile niliandika WA KWANZA?

Kwa hiyo sikiliza, na wengine mnaosoma msikilize pia. Albamu mpya usiitume siku iliyotoka. Isikilize mara tatu: ya kwanza kwa ajili yako, ya pili ukiwa unafanya kazi, ya tatu ukimfikiria mtu mmoja unayemjua kwa jina. Usipompata mtu wa kumfikiria, usitume. Usitume albamu nzima, chagua wimbo mmoja, tena useme asikilize kuanzia dakika ya ngapi. Mwenye masikio ya taarabu mpe udi, mwenye masikio ya dansi mpe tarumbeta za Afrika Kusini, na anayeshinda na kaswida usimharakishe. Angalia saa. Angalia kalenda, mimi sina la kuongeza hapo. Na ukichukua maneno ya mtu, mtaje. Hata ukichukua kwa mdogo wako, mtaje.

Na nunua. Nalisema hili mimi niliyekula miaka sita kwa kuwaingizia watu nyimbo za wenyewe kwenye flashi kwa shilingi elfu moja. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni ambako wanajazi wengi wanauza kazi zao wenyewe, hukata asilimia 15 tu ya albamu ya kidijitali, na tangu Machi 2020 zipo Ijumaa maalumu ambazo hawakati chochote kwa upande wao. Subiri Ijumaa hizo. Kadi ya kulipia mtandaoni unaitengeneza kwenye simu yako. Ikikushinda, njoo Darajani nitakufanyia, sitokutoza.

Kama unataka pa kuanzia, tafuta ile ya Mulatu Astatke ya 2025, Mulatu Plays Mulatu, mzee wa Ethiopia ameshapita miaka themanini na anazipiga upya nyimbo zake. Isikilize wiki nzima, kisha tafuta hapo Wete mtu mzima aliyewahi kupiga chombo chochote, hata kama chombo chenyewe kimeshaliwa na mchwa, umpelekee. Uende kwa miguu. Usinitumie mimi, mimi nimeshaisikia, niliisikia ile Ijumaa yenyewe, saa sita na dakika nne.

Na Django Bates ni Mwingereza. Wale kumi na wawili niliwasahihishia siku ile ile niliyogundua. Redioni bado ni Mmarekani.