Strungi haina makosa, shida ni huo mchele mliokula

Msomaji mmoja wa Donholm ameniandikia hivi: "Mwalimu, habari ya siku nyingi. Juzi tulitoka lunchi na wenzangu wa kazi, tukaingia kibanda fulani hapa Industrial Area, mimi nikaagiza mchele na ndengu na strungi. Kuna mwenzetu wa kutoka Mombasa alicheka mpaka akashika meza, akasema strungi si Kiswahili, ni Sheng ya Nairobi, eti mtu aliyesoma anasema chai ya rangi. Nilinyamaza juu yeye ndiye Mswahili. Tafadhali tuambie nani alikuwa sawa."

Ulikuwa sawa. Chai ya rangi ni sawa na strungi pia ni sawa, wengine wanasema sturungi, wengine turungi, na huko huko kwao Pwani kuna wazee wanaoiita chai ya mkandaa, jina la mkoko ambao gome lake hutumika kutia rangi. Strungi imetoka kwa strong ya Kiingereza, sikatai, lakini hata chai yenyewe ilikuja na majahazi, Mwajemi anasema chai, Mhindi anasema chai, na mzizi wake uko China wanakosema cha. Kama mwenzako anafukuza kila neno lililotoka nje basi aanze na hiyo meza aliyoishika akicheka, hiyo ni ya Wareno, halafu aende kwa sahani, hiyo ni ya Waarabu, akimaliza hapo atakula wima na kwa kiganja. Strungi ni neno zuri, fupi, kila weita wa mji huu analielewa, tena halijamfukuza mtu, chai ya rangi bado ipo na inanywewa.

Hiyo imeisha. Sasa ngoja nikuambie kilichoniuma kwa barua yako mpaka nikaisoma mara tatu. Uliagiza mchele. Na huyo Mswahili wa Mombasa, mtu aliyezaliwa kwenye harufu ya tui la nazi, alikusikia ukisema mchele, akauacha upite, akaenda kucheka strungi!

Ndugu yangu, mchele hauliwi. Mchele ni mbichi, ni mgumu, unakaa ndani ya gunia ama pakiti ya kilo mbili, unapimwa, unachaguliwa mawe, unaoshwa. Ukishaiva jina lake ni wali. Ulikula wali na ndengu. Kama kweli ulikula mchele basi ungenipigia simu kutoka kwa daktari wa meno.

Najua utaniambia Nairobi nzima inasema hivyo. Nimekula mji huu miaka mingi, kutoka vibanda vya Burma mpaka hoteli za ghorofani River Road, nimekula Gikomba nikiwa nimesimama na Kenyatta Market nikingoja nyama iive, na kila mahali ubao umeandikwa mchele ndengu, mchele madondo, yaani na maharagwe, mchele nyama, na wale wanaotaka kuonekana wako juu kidogo wanaandika raisi. Neno wali nimelikosa kabisa. Mwezi uliopita niliingia kibanda kimoja nikiwa na njaa ya asubuhi nzima nikamwambia mama, "Nipatie wali na ndengu," akaniangalia kwa huruma akasema, "Wali hatuna baba, wali ni ule wa nazi, hapa tuko na mchele tu." Na sufuria iko hapo mbele yake, imefunikwa, mvuke unatoka! Hapo ndipo nilijua mambo yameharibika, kwa sababu neno halijasahaulika tu, limepewa kazi nyingine, limefungiwa kwa nazi kama vile watu wa bara hawana haki ya wali mpaka waende likizo Mombasa.

Na siyo mambo ya vitabu haya, yanaingia mpaka nyumbani. Nakaa na mpwa wangu, kijana mzuri, amezaliwa Umoja, yuko chuo. Jioni moja nimekwama jam Thika Road, mvua inanyesha, matatu haisogei, na pale nje kuna mtu anapindua chapati, harufu inaingia kwa dirisha. Nikajizuia. Nikamtumia mpwa meseji, "Wali upo?" Akajibu hapo hapo, "Upo anko, mwingi sana." Basi nikaacha chapati ipite, nikakaa na njaa yangu saa moja na nusu nikifikiria wali wa moto na mchuzi uliobaki jana. Kufika nyumbani sufuria ni safi imening'inia ukutani, jiko ni baridi, na juu ya kabati kuna pishori kilo tano haijafunguliwa. "Anko, si uliuliza kama upo?" Hakunidanganya hata kidogo. Kwake wali na mchele ni kitu kimoja, na ameupokea huo umoja kutoka kwa mji mzima, pamoja na walimu wake. Sikumgombeza. Nilivua koti nikaanza kuosha mchele saa tatu usiku, na tulipoanza kula nikamwambia sasa huu ndio wali, ule wa kwenye karatasi ni mchele, na kabla haujafika kwenye karatasi ulikuwa mpunga.

Mpunga nao tumeupoteza zaidi. Panda gari la kwenda Embu, ukifika Mwea utaona maji yametulia kwenye majaruba na kijani mpaka macho yanachoka, na utasikia mtoto kwa kiti cha nyuma anamwambia mamake "ona mchele!" na mama anasema eeh. Ule ni mpunga. Shambani ni mpunga, ukivunwa bado ni mpunga, ukianikwa juani ni mpunga, mpaka uingie mashine ukobolewe, maganda yatoke, hapo ndipo unakuwa mchele. Zile punje zilizovunjika zinaitwa chenga, ni bei rahisi na mtoto akipikiwa uji wake anashiba vizuri. Maganda na unga wake ni pumba, za mifugo. Na hiyo pishori tunayojivunia jina lake limetoka Peshawar, mji wa Pakistan, likapita kwa ndimi za watu wetu likalainika. Skimu ya umwagiliaji ya Mwea ilianza miaka ya 1950, na kuna mifereji pale iliyochimbwa kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. Mtu anainama kwenye matope siku nzima akipandikiza mche mmoja mmoja, na sisi tunashindwa kumkumbukia hata jina la anachopanda.

Kuna wanaosema tatizo ni Kiingereza, kwamba rice imemeza yote matatu. Ni kweli nusu. Kikuyu pia wanasema mucere kwa ulio kwenye gunia na ulio kwenye sahani, na ukienda Eastleigh Wasomali wanasema bariis kwa vyote viwili, na wala simlaumu yeyote, hizo ni lugha zao na zinawatosha. Mimi nafikiri huku bara neno lilipanda na biashara, gunia likaja na jina lake la gunia, likakaa. Lakini Kiswahili kimelala na mpunga kitanda kimoja karne nyingi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita pwani hii mwaka 1331, Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, ukaletwa kwenye chombo kikubwa cha mbao. Watu waliokula hivyo zaidi ya miaka 600 iliyopita wangekosaje kuwa na neno la kila hatua? Wana ukoko, ule ulioshika chini ya sufuria ambao watoto wanaupigania, wana matandu yaliyokauka pembeni, wana kiporo cha asubuhi. Na wali wenyewe ni neno la zamani la hapa hapa, nenda Kilifi usikie Wagiriama wanavyoita sima yao, wanasema wari. Ukiyaweka wali, wari na ugali pamoja utaona ni watoto wa nyumba moja.

Sasa hebu sikiliza masikio yako mwenyewe. Umeshawahi kusema "jana nilikula unga"? Hakuna mtu Nairobi anayesema nimekula unga na sukuma wiki, hata mlevi. Unga ni wa pakiti, ugali ni wa sahani, na hamkufundishwa hayo na mtu, mnajua tu. Umeshawahi kusimamisha yule kijana wa mkokoteni umwambie akukatie nazi unywe? Unasema dafu, kwa sababu nazi ni nyingine, ni ile ya kukunwa. Kwa hiyo akili ya kutofautisha iko, iko kamili, ni hapo kwa wali tu ndipo tumelala.

Kuna mtu huwa ananiambia, lakini mwalimu, kinachowekwa kwa sufuria si mchele? Kwa hiyo ninapika mchele, ukishaiva ndio uwe wali. Hapana. Kiswahili kinataja kile unachokitafuta. Hatujengi mawe, tunajenga nyumba. Hatusuki ukindu, tunasuka mkeka. Hatupiki unga, tunapika ugali, na ukisonga unasonga ugali hata kama kwa dakika ya kwanza ni maji yenye madonge. Basi unapika wali tangu unapowasha moto.

Halafu kuna msomaji makini ambaye najua tayari ameshika kalamu aniandikie kuhusu yale mashairi ya mgeni tuliyokariri shule, "Mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza." Mgeni anapewa mchele! Nimelifikiria hilo sana. Hesabu mizani. M-ge-ni si-ku ya kwa-nza, nane. M-pe m-che-le na pa-nza, nane. Sasa weka wali hapo, m-pe wa-li na pa-nza, saba. Mshairi alikuwa na mizani ya kulinda, akachukua neno lenye silabi tatu, na mshairi ana ruhusa hiyo. Wewe uliye kwenye foleni ya lunchi huna mizani ya kulinda, una dakika arobaini na tano. Tena methali inasema wazi, mchele mmoja mapishi mengi, yaani mchele ni kile kilichoko kabla ya mapishi. Kutoka mchele mmoja unapata pilau, unapata biriani, unapata wali wa nazi, unapata wali mweupe wa ndengu ambao ndio uliokula wewe. Ukiita yote mchele methali inakufa mdomoni.

Nisieleweke vibaya, sipigani na lugha ya mtaani. Chapo ni sawa, madondo ni sawa, smokie pasua, ile soseji ya kupasuliwa, ni jina lililotungwa na mtu mwenye kipaji, ukilisikia unaona kisu kikipita na kachumbari ikiingia. Mutura naila na jina lake vile lilivyo. Haya yameongeza, yametuletea kitu ambacho hakikuwa na jina ama yametupa la pili la kubadilisha ladha. Mchele kwenye sahani haukuongeza chochote. Umekaa kwa kiti cha mwingine na mwingine amesimama nje. Kwa raisi nina uvumilivu kidogo zaidi, ukisema raisi angalau najua umeazima na pengine siku moja utarudisha. Kwa mchele uliopikwa sina uvumilivu, nimejaribu miaka mingi, umekataa kuja.

Yule mama wa kibanda mnataka kujua tuliishia wapi? Nilimwambia, mama, huo uliofunika hapo ndio wali, hata bila nazi. Akafunua akaangalia kama vile ameambiwa kuna mgeni ndani. Akasema, "Kumbe." Akanipakulia mwingi, ndengu juu, na parachichi nusu ambayo sikuwa nimeagiza. Nimerudi pale mara nne, na mara ya mwisho nilimsikia akiita jikoni, "Wali ndengu mbili!" na ubao bado unasema mchele lakini chaki ni kitu cha kufutika.

Kwa hiyo msomaji wangu wa Donholm, kesho mkitoka tena nenda hapo hapo, kaa na huyo mwenzako wa Mombasa, ngoja weita afike, halafu agiza kwa sauti: wali na ndengu, na strungi ya moto. Akicheka tena niandikie.