Kabla Hujajenga Jiko, Songa Nsima

Wiki ya sita tangu nifike Dedza, katikati ya Malawi, nilipita nyumbani kwa mama mmoja niliyekuwa nimemjengea jiko banifu la udongo, lile linalobana moto ili kuni zitumike chache. Nikapiga hodi (kule nako husema "odi"), nikakaribishwa jikoni. Jiko lilikuwepo, zima, halina hata ufa. Kwenye mdomo wa kuni kuku alikuwa ametulia juu ya mayai. Hatua mbili pembeni, sufuria ilikuwa inatokota juu ya mafiga matatu, yale yale niliyoyakuta siku ya kwanza.

Mama yule hakuwa mkaidi, wala mafunzo hayakumpita kando. Aliyekuwa hajaelewa ni mimi. Napokea maswali mengi kutoka kwa vijana wanaotaka kwenda kujitolea vijijini nje ya nchi, na karibu wote huanza na fomu, pasipoti na posho. Hayo nitayafikia. Naomba tuanzie jikoni.

Nsima ni ugali wao wa mahindi. Anayesonga nsima ya watu tisa anafanya kazi ya nguvu hasa. Mwiko, ambao wao huuita mthiko, unakandamiza unga kwenye ukuta wa sufuria mpaka ukolee, na sufuria isipokaa imara inazunguka nao. Mimi nilikuwa nimelipandisha jiko hadi usawa wa kiuno, kama nilivyofundishwa, ili mpishi asiumie mgongo. Mama amezoea kuinama juu ya sufuria na kusonga kwa uzito wa mwili mzima. Kwa kimo kile uzito huo haukuwa na pa kushukia. Alibaki anasonga kwa viwiko, na nsima ikatoka na madonge. Mumewe na watoto wakala kimya. Siku ya tatu akarudisha mafiga.

Tena jiko langu lilikuwa haliondoki. Kiangazi wanapikia nje au kwenye khonde, yaani barazani. Mvua zikianza wanahamia ndani. Juni na Julai, Dedza inapozizima kwa baridi, watoto hujipanga kuuzunguka moto, na mafiga hutoa joto pande zote. Jiko banifu, kwa uzuri wake wote, linaufungia moto ndani.

Yote hayo ningeyajua kwa kupika naye siku tatu tu. Niliyajua baada ya kujenga majiko kumi na manne.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote, ni huu: mwezi wa kwanza usijenge kitu. Omba familia moja ikupokee, uamke na mama wa nyumba alfajiri, ufuatane naye kisimani, shambani, kwenye kuni, kwenye kinu au mashine ya kusaga, mpaka atakapolala. Beba ndoo. Songa nsima mpaka watoto waile bila kukuonea aibu. Usitoe daftari mbele yake, andika usiku. Utaona mambo ambayo hayatasemwa kwenye mkutano wowote, kwa sababu kwake ni ya kila siku, hayaonekani kama habari. Shirika lililokupeleka linaweza kukuhimiza uonyeshe matokeo mapema. Waeleze, kwa adabu, kwamba mwezi huo ndio kazi yenyewe.

Katika mwezi huo uliza pia swali ambalo sikuliuliza: hapa pana nini tayari? Kijiji cha pili tu kutoka kwetu palikuwa na akina mama wafinyanzi waliokuwa wakitengeneza chitetezo mbaula, jiko dogo la udongo wa kuchomwa, lenye mishikio miwili na mlango wa kuni. Unaliweka barazani, mvua ikija unaliingiza ndani. Linakaa chini, kwa hiyo anayesonga anainama anavyopenda, na linakula kuni chache kuliko mafiga. Serikali ya Malawi yenyewe, mwaka 2013, iliweka lengo la kufikisha majiko bora milioni 2 kwenye kaya ifikapo 2020. Nilisafiri kutoka kwetu Njombe, Tanzania, kwenda kufundisha kitu ambacho mafundi wake walikuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Nilikwenda kukaa nao. Hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kufinyanga. Shida yao ilikuwa masika: majiko hayakauki vizuri, na likiingia tanuruni likiwa bado na unyevu, linapasuka. Walihitaji banda lenye paa na chanja za kuanikia kivulini. Hapo ndipo nilipofaa, kwa sababu najua kupima mbao, na najua kuandika barua ya kuomba bati. Mtaji wa kununulia kuni za tanuru waliutoa wenyewe kwenye banki nkhonde, maana yake benki ya barazani. Ni kama VICOBA kwetu au chama kwa Wakenya: wanakutana kila wiki, wanaweka, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Sikutia hata kwacha moja humo, na nakushauri nawe usitie. Ukichangia, mkopo unakuwa wa mgeni, na mkopo wa mgeni watu hawaoni haraka ya kuurudisha.

Usiahidi afya usiyoweza kuileta. Nilikuwa nikiwaambia akina mama kwamba jiko langu litawakinga watoto na nimonia. Baadaye nikasoma juu ya utafiti mkubwa uliofanyika huko huko Malawi, Chikwawa na Karonga, kwa watoto wadogo zaidi ya 10,000, ambao jarida la kitabibu la Lancet liliutoa mtandaoni Desemba 2016. Kaya nyingine zilipewa majiko ya feni yenye moshi mdogo, nyingine zikaendelea na moto wa kawaida. Nimonia haikupungua. Kilichopungua ni watoto kuungua moto. Mtoto havuti moshi wa jikoni kwao tu. Kuna taka zinazochomwa, kuna moto wa jirani, kuna tumbaku. Nilirudi kwa wale mama nikawaeleza kwamba nilisema zaidi ya ninachokijua. Lilikuwa jambo gumu kulitamka, na ndilo lililonifanya nianze kuaminiwa.

Jambo jingine ni ardhi na ukoo. Kwetu mwanamke akiolewa huhamia kwa mume. Kwa Wachewa wengi, watu wa huko, ni kinyume: ukoo hufuata upande wa mama, mume ndiye anayehamia kijijini kwa mke (wanaita chikamwini), na shamba ni la ukoo wa mke. Nilipotaka udongo wa kichuguu nilimwomba baba wa nyumba, naye akakubali kwa upole. Kesho yake akaja mjomba wa mke, mwini mbumba, yaani msimamizi wa dada zake na watoto wao, akauliza ni nani aliyegawa udongo wa familia. Hakufoka. Alikaa kwenye gogo akangoja jibu. Aliyetahayari zaidi ni yule baba, kwa kuwa nilimfanya aonekane mbele ya wakwe zake kama mtu aliyejipa mamlaka. Mimi ningerudi kwetu, lakini yeye anaishi pale. Kabla ya kuomba chochote, uliza kwanza nani husikilizwa juu ya kitu hicho, na umuulize zaidi ya mtu mmoja.

Lugha nayo ina mtego kwa sisi Waswahili. Chichewa kinatudanganya kwa ujirani wake: moto ni moto, nyumba ni nyumba, mbuzi ni mbuzi, maji ni madzi, kuni ni nkhuni. Unaona umeshajua. Kumbe wao humheshimu mtu kwa kumsemesha kwa wingi. "Muli bwanji?" ndiyo salamu ya mkubwa, "uli bwanji?" ni ya mtoto au rafiki. Sisi tumezoea kumwambia hata bibi "u hali gani" na hakuna ubaya. Wiki mbili nzima nilimsalimu bibi wa ile nyumba kama mtoto mwenzangu, naye akinijibu kwa upole kila asubuhi, mpaka mjukuu wake akanivuta pembeni. Nenda ukijua salamu zao sawasawa, na neno "zikomo", asante, liwe jepesi mdomoni mwako.

Sasa fomu na pasipoti. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kujitolea, UNV, ulioanzishwa 1970, huchukua watu wa nchi zetu kwenda kufanya kazi nchi nyingine. Shirika la kujitolea la VSO, lililoanza Uingereza mwaka 1958, nalo huajiri Waafrika, sio Wazungu pekee. Umoja wa Afrika una mpango wake wa vijana, na Norec, taasisi ya serikali ya Norway, hugharimia kubadilishana wafanyakazi kati ya taasisi za nchi zetu wenyewe. Ukiombwa ulipe fedha nyingi ili ukajitolee wiki tatu, uliza zinakwenda wapi na kijiji kinabaki na nini. Uliza nani alikuwa hapo kabla yako, na kama unaweza kuongea naye. Mtanzania huingia Malawi bila viza, lakini kuruhusiwa kuingia si kuruhusiwa kufanya kazi, hata isiyo na mshahara, kwa hiyo kibali kishughulikiwe mapema. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chandarua usikikose hata usiku mmoja.

Fika ukijua pia kalenda ya chakula. Mahindi huvunwa kuanzia Aprili, na Januari mpaka Machi ghala nyingi huwa tupu. Usiite mikutano mirefu miezi hiyo. Mama aliyetoka kufanya kibarua kwenye shamba la mtu ili apate unga wa jioni hana nusu siku ya kukupa.

Na siku ya kuondoka watakupa kitu. Bibi yule niliyemkosea salamu aliniletea maharage, kama kilo mbili, yamefungwa kwenye kipande cha chitenje. Nilijua akiba yao ilivyo, nikaanza kukataa. Akaketi, akanyamaza, uso ukabadilika, nikaelewa kwamba namnyima nafasi ya kuniaga kama mtu mzima anavyomuaga mgeni wake. Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti. Maharage yale nilisafiri nayo kwenye basi mpaka Lilongwe, Mzuzu, Karonga, nikavuka mpaka wa Songwe, nikafika Mbeya usiku. Mama yangu aliyapika Njombe Jumapili ile, akauliza ni ya nani, nikamtajia jina la bibi. Nusu tuliitenga kwa mbegu.