Uliza Mwalimu: Mjumbe wetu alipinga kwa maikrofoni, kura yake tutaijuaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza mahamri na chai karibu na steji. Mwaka ule wa 2024 mjumbe wetu wa bunge la Kenya alikuja kwa matanga ya jirani, akashika maikrofoni akasema yeye mswada wa fedha, ule wa kuongeza ushuru, hawezi kuuunga mkono hata kidogo, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Haikupita wiki mbili kijana wangu akanionyesha kwa simu listi ya majina, naye yumo upande wa ndiyo. Alipokuja kugawa basari nikamuuliza mwenyewe, akasema ile listi ni feki na ati yeye ndiye alipigania ushuru wa mkate ukatolewa. Sasa nimuamini nani, kijana wangu ama mheshimiwa? – Mama Mahamri, Pwani

JIBU: Marahaba dada. Usimuamini yeyote kwanza, manake hii ni kitu unaweza kwenda kuangalia mwenyewe. Ule mswada ulipigiwa kura kwa majina, kwa hivyo jina la mjumbe wako limeandikwa mahali na yeye hawezi kulifuta, na kijana wako pia hawezi kuliongeza. Liko kwa hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya kila neno linalosemwa bungeni, na hansadi inawekwa kwa tovuti ya bunge, hulipi chochote isipokuwa bando. Picha ya listi kwa WhatsApp mtu anaweza kuichezea. Hansadi ndo ya kushika.

Lakini kabla hujafungua kuna jambo linachanganya watu wengi sana na wajumbe wanajua tunachanganyikiwa. Kura hazikuwa moja, zilikuwa mbili. Tarehe 20 Juni 2024 mswada ulisomwa mara ya pili, wakasema ndiyo 204 na hapana 115. Tarehe 25 Juni ukasomwa mara ya tatu, ndiyo 195, hapana 106, na kura 3 zikaharibika. Sasa angalia, listi ya kijana wako inaweza kuwa ya siku moja na mheshimiwa akawa anakujibu kuhusu siku ile nyingine, kila mtu anasema kweli yake na wewe umebaki katikati na sinia yako ya mahamri. Kwa hivyo ukimuuliza tena usiseme "ulipiga kura gani", sema "tarehe 20 ulipiga gani na tarehe 25 ulipiga gani". Pia tumtendee haki, mtu anaweza kusema hapana mara ya pili halafu ndiyo mara ya tatu kwa sababu kuna vifungu vimebadilishwa na ameridhika, hiyo si dhambi, bora akueleze ni kifungu gani kilichomridhisha.

Hilo la mkate nalo nataka ulisikize vizuri. Mwenyekiti wa kamati ya fedha, Kuria Kimani, alitangaza tarehe 18 Juni kwamba ushuru wa mkate unaondolewa, pamoja na ule wa asilimia 2.5 wa magari. Hiyo ni siku mbili kabla ya kura ya kwanza! Yaani wakati mjumbe wako anapiga kura, mkate ulishatoka mezani, na kura yake ilikuwa juu ya yale yaliyobaki. Inawezekana kabisa aliupigania mkate, sitasema hakuupigania, lakini wewe ulimuuliza kuhusu kura naye akakujibu kuhusu mkate.

Na kama anasema alipigania kifungu fulani, mwambie akuonyeshe alipoongea. Kati ya kusomwa mara ya pili na mara ya tatu bunge lote linakaa kama kamati, wanapitia kifungu kwa kifungu, na huko mara nyingi kura ni ya sauti tu, mwenyekiti anauliza, hawa wanapaza sauti, wale wanapaza sauti, anaamua wapi kumesikika zaidi, basi imepita. Hapo hakuna jina la mtu linabaki. Kinachobaki ni maneno ya aliyesimama akaongea au aliyeleta marekebisho. Kwa hivyo mjumbe aliyepigania kitu kweli kweli ana ukurasa wa kukuonyesha. Asiye na ukurasa ana hadithi.

Mimi hii kura ya tarehe 25 siwezi kuizungumzia kama hesabu tu. Siku hiyo hiyo vijana waliingia bungeni na wengine wakapigwa risasi wakafa barabarani, na kufikia tarehe 1 Julai tume ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 tangu maandamano yaanze. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatatia sahihi, akaurudisha mswada. Sheria haikuwa, lakini kura zilishapigwa na ziko pale pale, na wale wazazi wana haki ya kujua nani alisema nini mchana ule.

SWALI: Mwalimu, mjumbe wa kwetu hakuwa upande wowote. Anasema alikuwa safari ya kikazi, na ati kwa vile hakusema ndiyo yeye hana lawama. Ni kweli? – Kijana wa Bonde la Ufa

JIBU: Fanya hesabu na mimi mwanangu. Wabunge wa bunge la taifa ni 349 ukiondoa spika. Tarehe 20 Juni, 204 na 115 ni 319, wamebaki kama 30. Tarehe 25, ukiweka hata zile zilizoharibika unapata 304, wamebaki kama 45. Wengine bila shaka walikuwa wagonjwa au wamefiwa au wametumwa kweli. Lakini mswada wa kawaida unapita kwa wingi wa waliopo na kupiga kura, kwa hivyo kila anayepinga akikaa nyumbani anawarahisishia kazi wanaounga mkono, hata kama kwa redio amepinga mpaka koo likakauka.

Na kuna kura ambapo kutokuja ndo kupinga kwenyewe. Kubadilisha katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233, wawepo wasiwepo. Unakumbuka mswada wa jinsia, ule wa kuhakikisha wanawake wanafikia angalau theluthi moja bungeni? Uhuru Kenyatta aliuunga mkono, Raila Odinga akauunga mkono, wajumbe walisimama kwa mikutano wakasema mama zetu dada zetu, mimi mwenyewe niliamini safari hii itawezekana. Tarehe 27 Februari 2019 ikafika, waliokuwemo ukumbini ni 174. Hawakufika hata wa kuupigia kura, ukaanguka hapo hapo. Ukitafuta leo nani aliupinga siku ile humpati, hakuna aliyesema hapana. Walikosa tu kuja! Mwaka uliofuata, Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, na halikuvunjwa.

Kwa hivyo mimi huyo wa "nilikuwa safari" namuandika kwa safu yake mwenyewe, hayuko ndiyo hayuko hapana. Safari moja naelewa. Ukiona kila mswada mgumu ukija anasafiri, hapo unajua.

SWALI: Seneta Okiya Omtatah alipinga ushuru wa serikali kuliko wote, lakini nimetafuta jina lake kwa kura za mswada wa fedha silioni, sijui alijificha ama vipi. – Mwanachuo, Magharibi

JIBU: Hapana, usimuonee. Mswada wa fedha ni wa bunge la taifa peke yake, katiba haiwapi maseneta kura hapo, kwa hivyo hata angetaka vipi jina lake lisingekuwepo. Ndo maana nasema kabla ya kumhukumu mtu kwa kura ujue kwanza kama alikuwa na kura.

Omtatah alikwenda njia ile aliyoizoea kabla hajachaguliwa Busia mwaka 2022, mahakamani. Alikuwa kati ya walioshtaki sheria ya fedha ya 2023. Mwezi wa Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ile tozo ya nyumba, yaani makato ya mshahara ya kujengea nyumba yaliyowekwa na sheria hiyo, inakiuka katiba, tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifuta sheria yote, halafu tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Unaweza kukubaliana naye au kukataa, na mwisho wa safari alishindwa, lakini aliyoyasema nje ndiyo aliyoyaandika kwa kesi, na hilo ndilo unalopima. Kura zake zitafute kwa hansadi ya seneti.

SWALI: Mwalimu nisaidie fupi tu. Tukimkuta mjumbe amesema hivi na akapiga vile, si tunaweza kumrudisha nyumbani? – Boda, Mlima

JIBU: Kwa karatasi ndiyo, kifungu cha 104 cha katiba kinawapa wapiga kura haki ya kumwita mjumbe kabla ya muda wake kwisha. Lakini sheria iliyotungwa kutekeleza hicho kifungu iliwekewa vizingiti vingi sana, hadi mwaka 2017 Mahakama Kuu ikafuta sehemu zake kadhaa. Hakuna mbunge hata mmoja Kenya amewahi kutolewa hivyo, kwa hivyo usiwaambie wenzako kwa steji kwamba ni jambo la wiki mbili.

Njia uliyonayo sai ni baraza. Usimwambie "wewe ni msaliti", hapo atakasirika na vijana wake watakutoa. Chapisha ule ukurasa wa hansadi pale saiba, shilingi chache tu, uende nao. Simama, taja jina la mswada na tarehe, soma kura yake kwa sauti watu wote wasikie, halafu muulize kwa nini, na ukae chini umpe nafasi ajibu.

Mama Mahamri, na wewe fanya hivyo hivyo siku ya basari. Ukipata ule ukurasa wa tarehe 20 na ule wa 25 niandikie tena uniambie alikuwa upande gani.