Maswali na majibu: Kodi ya mapato, kwa ruhusa ya nani?

Shikamoo mwalimu. Kijiweni Chikongola tumeona video, Mmarekani anasema hakuna sheria inayomlazimu mtu kulipa kodi ya mapato, eti ni hiari. Kweli? (Bodaboda, Mtwara)

Marahaba. Huyo anawauzia chai iliyopoa. Kwao Mahakama ya Juu iliwahi kweli kuitengua kodi ya mapato, mwaka 1895. Mwaka 1913 wakarekebisha Katiba, marekebisho ya 16, Bunge lao likapewa mamlaka waziwazi, na 1916 mahakama ileile ikakubali. Hiyo "hiari" maana yake unajikadiria mwenyewe kwanza, basi. Mcheza filamu Wesley Snipes alishikilia hoja za namna hiyo, mwaka 2008 akahukumiwa miaka 3 jela.

Wewe wa Chikongola soma Katiba yetu, ibara ya 138: kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Sheria ipo, ya mwaka 2004, Sura 332. Ibara hiyohiyo inakulinda pia. Ukidaiwa, uliza "kwa kifungu gani?" Uliza kwa upole, sijaona ukali uliopunguza deni.

Malipo yangu ya korosho yamekatwa mara tatu. Hiyo yote kodi ya mapato? (Mkulima, Newala)

Hapana. Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, una sheria yake. Makato ya chama cha ushirika ni ya chama: omba muhtasari wa mkutano mkuu uliyoyapitisha.

Mjerumani alitutoza kodi ya kibanda. Tofauti iko wapi? (Mzee, Lindi)

Shikamoo babu. Kodi ile ya 1898 ilitozwa kwa nyumba, uwe umevuna au umelala njaa, na aliyeipanga hukumchagua. Hata kodi ya kichwa ya baadaye ilifuata kichwa, si kipato, mpaka ikafutwa 2003. Kodi ya mapato inataka kwanza uwe umepata. Kama wabunge wako wanaipanga vizuri, hilo wewe na mimi tunaweza kubishana mpaka magharibi.

Nakaanga samaki feri. Nimekadiriwa 100,000 kwa mwaka, jirani yangu 60,000, na mauzo yetu sawa. Nimeonewa? (Mama, Mtwara)

Mama, jirani ana daftari la mauzo? Kwa viwango vya 2019, mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka hayana kodi. Kati ya hapo na 7,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye nazo hulipa asilimia 3 ya kinachozidi 4,000,000. Akiuza 6,000,000, ndiyo hiyo 60,000 yake.

Kama daftari unalo na Mamlaka ya Mapato (TRA) haikuliangalia, iandikie barua ya pingamizi ndani ya siku 30 tangu upokee makadirio. Utatakiwa kulipa kwanza theluthi ya kodi hiyo, au kiasi usichokibishia kama ndicho kikubwa. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi kabla hujatoka mlangoni.